Moto wa Kiasi: Ambindwile Mwakalobo, Draya na Nyama ya Jumapili

Tarehe 30 Juni 2025, saa nane mchana, zamu ya kwanza itakapotoka, Ndugu Ambindwile Mwakalobo atakabidhi ufunguo wa chumba cha kukaushia chai na kustaafu kwa hiari, baada ya kukitumikia Kiwanda cha Chai Nsyanju kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Sheria inamruhusu kubaki miaka miwili zaidi, uongozi umemsihi abaki, naye amekataa. Sababu yake tutaifikia.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Mwanajuma Kheri wa maabara ya kuonja chai, kazi ya kuandika wasifu huu. Nilipinga. Kila mtu hapa anajua kwamba huwezi kumweleza Mzee Ambindwile bila kuieleza nyama yake ya nguruwe ya kuoka, na mimi ni Mwislamu, mjukuu wa fundi cherehani aliyetoka Kilwa akaja kushonea watu makoti ya baridi ya Tukuyu. Nyama hiyo sijaionja na sitaionja. Kamati ikajibu kwamba ndiyo maana imenichagua, kwa kuwa wengine wote waliojaribu kuandika walifika aya ya pili wakashikwa na njaa, wakaweka kalamu chini. Basi naandika kwa ushahidi wa macho, wa pua, na wa mashahidi walioshiba.

Aliajiriwa Februari 1991 kama kibarua wa kupakua majani mabichi. Wiki ya kwanza alijinyoosha kidogo juu ya majani yaliyotandazwa ili yanyauke, usingizi ukampitia, na msimamizi akamkuta amenyauka pamoja nayo. Adhabu yake ilikuwa kupelekwa kwa mwezi mmoja kwenye draya, ile mashine ya kukaushia chai, penye joto ambako hakuna aliyetaka kwenda. Mwezi huo ndio unaokwisha sasa.

Kazi ya draya haina mchezo. Chai isipokauka vizuri inaota ukungu ghalani, ikizidi inaungua na mimi naitema. Mzee Ambindwile alijifunza kupima joto kwa kiganja: anaweka mkono karibu na mlango wa mashine, anafumba jicho moja, anataja nyuzi. Mwaka 2009 kiganja na kipimajoto vilitofautiana kwa nyuzi sita. Fundi wetu wa mitambo, Ndugu Sadick, alikifungua kipimajoto akakuta kimeharibika. Tangu hapo wanazamu wakitaka kujua joto hawaangalii ukutani, wanamwangalia mzee.

Amewafundisha kazi hiyo watu kumi na mmoja, na kila mmoja amefundishwa kuandika daftari. Kila baada ya robo saa, Mzee Ambindwile huandika saa, joto na rangi ya chai, na pembeni huacha nafasi ya maoni ya msimamizi. Katika miaka yake yote hakuna mzigo uliorudishwa kwa sababu ya unyevu. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu anaondoka, hana tena tembo la kuharibu, kwa hiyo acha nimsifu.

Jikoni, hata hivyo, alikuwa sifuri. Mgomba aliujua kuanzia shina hadi jani, ila ndizi ikishaingia kwenye sufuria haikuwa habari yake tena. Mke wake, Atuganile, ambaye sote tunamwita Mama Lusungu kwa jina la binti yao, ndiye aliyepika tangu walipooana, na mume alikuwa akiingia jikoni kuomba moto wa kiko basi.

Mwaka 2016 Mama Lusungu alifanyiwa upasuaji Mbeya. Ulikwenda salama, akarudi nyumbani Makandana, ila hamu ya kula haikurudi naye. Majirani walileta uji, supu ya kuku, ndizi za maziwa, mtindi. Alishukuru kwa kila sahani na kuirudisha ilivyokuja. Alikonda mpaka pete ikawa inamdondoka kidoleni. Daktari alimwambia mzee waziwazi kwamba mgonjwa asipoanza kula ndani ya wiki moja atarudishwa wodini, na kwamba apewe chochote atakachokitamani, hata kiwe nini.

Alichokitamani ni chakula cha utotoni. Shangazi yake aliwahi kuwa mpishi kwenye nyumba ya wamisionari, na Jumapili aliwaokea nyama ya nguruwe ya mgongoni yenye mfupa wake, juu ya viazi na vitunguu, katika oveni ya kuni. Watoto walioshika adabu kanisani walipewa kipande. "Baba Lusungu," alisema, "ile ya kwa shangazi nikiipata, labda itapita."

Mzee akaomba likizo ya siku nne, ya kwanza katika miaka mingi. Sisi tulidhani anampeleka mke wake kwa mganga.

Siku ya kwanza alikwenda buchani kwa Amoni, akachagua vipande vinne vya nguruwe wa kutoka Kinyala, vinene, vyenye ukanda wa mafuta pembeni. Hadi hapo hana kosa. Kosa ni kwamba katika maisha yake alikuwa amejifunza njia moja tu ya kukifanya kitu kibichi kiwe kizuri, akaifuata. Alivitandaza vile vipande juu ya waya barazani, akawasha feni, akavinyausha kama chai kuanzia asubuhi hadi alasiri, huku akiwafukuza mbwa wa mtaa mzima kwa fagio. Kisha akavioka kwa lengo la kubakiza unyevu wa asilimia tatu.

Siku ya pili asubuhi alikuja maabara kwangu. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Ndaga, mama," alinisalimu kwa Kinyakyusa. "Naomba unipimie unyevu."

Nikamuuliza ni chai gani hiyo. Akafungua. Nikarudi nyuma hatua tatu na kiti changu. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba mashine ile ni ya chai na mimi ni Mwislamu. Akasema kipande chenyewe ni kidogo, hakizidi gramu tano. Nikamwambia gramu haziingii katika mjadala huu, mzee wangu, tafadhali toka nacho. Hadi leo anaamini ningekubali kama angekuja nacho kimeshikwa kwa koleo lake.

Lakini kabla hajatoka nilimwona uso. Si uso wa mtu mwenye mzaha. Nikamuuliza kulikoni, akanieleza habari yote, ya pete na ya wodi na ya shangazi. Nikasahau hasira. Nikamwambia: "Baba, chai tunaitoa maji ili ikae ghalani miezi. Hiyo nyama unataka ikae, au unataka iliwe leo?"

Akalifunga tena lile jani la mgomba, akaondoka bila kuaga. Huo ndio mchango wangu wote katika upishi wa nguruwe wilaya ya Rungwe, na ninaomba usiongezwe chumvi.

Ile nyama ya kwanza, kwa taarifa, ukiigonga mezani ilikuwa inaitika. Amoni aliitwa aione, akaapa kwamba haikutoka buchani kwake. Mama Lusungu alipoletewa alicheka mpaka akashika mshono, na mzee anasema kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu Mbeya. Hakula, lakini alicheka.

Siku ya tatu alibadili njia. Oveni hana, kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya waoka keki wa mtaani: sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, mfuniko wa bati, na makaa mengine juu ya mfuniko. Chini alipanga viazi na vitunguu, juu akaweka nyama iliyopakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Vizuri kabisa. Kisha akatundika daftari ukutani na kufunua sufuria kila robo saa. Kila akifunua, joto linatoka na majivu yanaingia. Daftari hilo lipo na nimelisoma. "Saa 5:15, rangi nyeupe. Saa 5:30, rangi nyeupe, majivu kidogo. Saa 5:45, rangi nyeupe, majivu ya kutosha." Kwenye nafasi ya maoni ya msimamizi, Mama Lusungu alijiburuta kutoka kitandani akaandika kwa mkono wake: "Acha kuichungulia, haitoroki."

Siku ya nne ilikuwa ya mwisho kabla ya wodi. Alinunua nyama nyingine. Safari hii Amoni alikataa kumuuzia mpaka ajue itafanywa nini, na alipoambiwa, akamchagulia mwenyewe. Mzee akaipanga vilevile, makaa machache chini, mengi juu. Daftari akalifungia kabatini. Akaketi kwenye kigoda, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akafumba jicho moja, na kwa saa moja na robo hakufunua. Kaa likipoa analibadilisha, moto ukizidi anaupunguza. Jirani aliyepita alidhani anaombea sufuria, na nadhani hakukosea sana.

Alipofunua, mafuta ya pembeni yalikuwa yamekuwa ya dhahabu na viazi vimekunywa mchuzi wote. Harufu ilifika barabarani. Mama Lusungu alikula kipande kizima, akala viazi, akaomba mfupa. Mzee alitoka nje akasimama kwenye migomba peke yake. Aliporudi, daftari lilikuwa limetolewa kabatini, na kwenye nafasi ya msimamizi pameandikwa: "Imeliwa. Kesho tena."

Kuanzia hapo ikawa desturi. Jumapili moja kila mwezi wafanyakazi walialikwa Makandana, na mgeni kiwandani hakuhesabiwa mwenyeji mpaka amekula pale. Nasi Waislamu hatukusahauliwa. Ndugu Sadick anakaa nyumba ya pili kutoka kwake, na kwa Sadick kuna sufuria yenye alama ya rangi nyekundu ambayo haijawahi kuvuka njia kuja kwa Ambindwile. Kuku anachinjwa na Sadick, anaokwa kwenye jiko la Sadick, kwa viungo vya mke wa Sadick. Mzee kazi yake ni kunawa hadi viwiko, kuvuka njia, kuweka kiganja juu ya mfuniko, kutaja nyuzi na kurudi kwake. Jumapili hizo alikuwa anavuka njia mara ishirini kama mtu anayelinda mpaka. Kuku huyo nimemwonja, na kwa ulimi ulioajiriwa kuonja nathibitisha: rangi safi, harufu kamili, na ladha inabaki mdomoni mpaka Jumatatu.

Sasa ile sababu.

Agosti mwaka jana Mama Lusungu alipatwa na kiharusi. Kilikuwa chepesi, anaongea, anatembea, anatania kama kawaida, ila mkono wa kulia umepungua nguvu na hawezi kushika chungu. Nyama sasa anaruhusiwa mara moja tu kwa mwezi, mafuta yametolewa. Siku nyingine ni samaki, maboga na mboga za majani. Amewekewa msaidizi mzuri wa kumpikia. Lakini mzee akitoka zamu saa nane anakuta sahani ya mchana mezani, imefunikwa, haijaguswa. Anawasha jiko, anapika upya, naye anakula. Imekuwa hivyo miezi kumi.

Meneja alipomwandikia kumwomba amalizie miaka miwili, kwa masharti mazuri, mzee alijibu kwa mistari miwili, na amekubali tuichapishe: "Draya itawashwa na yeyote kati ya wale kumi na mmoja. Mke wangu anakula nikipika mimi."

Meneja aliisoma barua hiyo mbele yangu. Alitia sahihi, kisha akauliza ni nani ana leso.

Mzee Ambindwile, tumekaa na wewe miaka mingi kwenye joto na hujawahi kutuunguza. Ndaga fijo, asante sana, kwa kazi, kwa Jumapili, na kwa kunawa hadi viwiko. Mama Lusungu, tumemchukua mume wako saa za mchana kwa miaka thelathini na minne, na leo tunamrudisha. Tunawatakia ninyi wawili afya njema, siku nyingi, na chakula cha mchana mnachokila pamoja kingali cha moto.