Swali la Mzee Orville kwenye Fomu ya Oda

Baada ya miaka thelathini na minane na miezi saba ya kazi katika karakana ya risasi ya Haugen, hapa kwetu bonde la Judith, Montana, Mzee Orville Tveit anavua aproni yake ya ngozi Ijumaa hii, tarehe 11 Oktoba 2019. Bi. Ardis Haugen, mwenye karakana, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu, alisema, siku hizi mimi peke yangu ndiye ninayetabasamu humu ndani. Ni kweli. Niliolewa wiki saba zilizopita, na bado kila asubuhi naamka nikishangaa bahati yangu. Nitajitahidi kuandika habari za Mzee Orville na si za mume wangu, ingawa mtaona mbele kwamba habari hizo mbili haziachani.

Mzee alikuja Machi 1981, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyechoka kuchunga ng'ombe wa watu. Alipewa ufagio na sufuria ya kuyeyushia madini ya risasi. Mwaka uliofuata, marehemu Bw. Haugen alimkalisha kwenye meza ya dirishani, na hapo ndipo alipokaa mpaka juzi.

Kueleza kazi yake ni rahisi, lakini kuijua kunataka maisha mazima. Kila bunduki ina koo, pale chemba inayokaa risasi inapokwisha na mifereji ya mtutu inapoanza, na hakuna makoo mawili yanayofanana, hata ya bunduki zilizotoka kiwandani siku moja. Kichwa cha risasi cha kumimina kikiwa chembamba kuliko koo, moto wa baruti unakipita ubavuni na kukiyeyusha, na mtutu unabaki umepakwa madini. Kikilijaa koo sawasawa, kinakwenda pale jicho lilipokituma. Kwa hiyo Mzee alikuwa akimimina salfa ya moto ndani ya chemba, anasubiri igande, anaisukuma itoke kwa kijiti, kisha anapima umbo lake kwa maikromita. Baada ya hapo ndipo anachagua kalibu ya kumiminia, mchanganyiko wa madini, na pete ya kupunguzia unene. Makoo 4,117 ya salfa yamo kwenye droo zake, kila moja na jina la mwenye bunduki. Nikifungua droo hizo huwa naona kama nimefungua kitabu cha bonde zima.

Visa vyake ni vingi. Mara tatu aliunguza nyusi, na mara zote tatu alisema hazikuwa zikimpendeza. Hakunywa kahawa karibu na meza hata siku moja, alikwenda kunywa nje, hata kwenye baridi ya kugandisha ndevu. Mteja mmoja wa Texas aliandika kwenye fomu ya oda, mbele ya swali letu la mwisho, kwamba hilo ni swali la kijinga. Mzee alimrudishia fomu na maneno matatu: jaribu tena, bwana. Bunduki ya yule bwana ilikaa kwetu miezi mitano mpaka alipojibu.

Swali lenyewe, kwa wasiolijua, ni hili: "Je, utaitoa risasi bila kuipiga?" Lipo kwenye kila fomu tangu mwaka 2000. Nilipoajiriwa mezani pa oda nilidhani ni mtego wa kupima akili za wateja. Nilicheka, tena mbele yake. Hakucheka. Siku hiyo alinieleza, na leo naeleza kwa ruhusa yake na ya familia ninayoiita yangu.

Mwaka huo Leland Kucera, mfugaji wa huku juu mtoni, alikuwa mpiga shabaha bora kuliko wote katika klabu ya shabaha. Alikuwa na bunduki ya babu yake, ile ya kuingiza risasi moja moja, na Mzee Orville alimmiminia vichwa vilivyolijaa koo lake bila nafasi hata ya unywele. Wakashinda vikombe vya majira yale yote. Wakawa marafiki, wake zao wakipelekeana pai. Mwisho wa majira, klabuni, watu wakila na kucheka, Leland alisema risasi zilizobaki atakwenda nazo kuwinda kulungu. Mzee alisikia. Alikuwa na kipande cha pai mkononi na mtu alikuwa akimsimulia kichekesho. Hakusema kitu.

Kwenye shabaha, risasi ikiingia inapigwa. Mwindaji hafanyi hivyo. Anaiingiza, mnyama anapotea, anaitoa, anapanda tena mlima. Mchana wa Novemba, kwenye theluji, Leland aliivuta risasi yake kuitoa na likatoka ganda peke yake. Kichwa kilibaki kimenasa kooni, kwa sababu kilikuwa kimekaa vizuri mno. Baruti ilipeperushwa na upepo. Alikuwa amevaa glavu nene, macho yameelekea bondeni kwa kulungu. Aliingiza risasi ya pili, akaona inagoma kidogo, akaisukuma kwa kidole gumba na kufunga.

Alipofyatua, vichwa viwili viliziba mtutu na bunduki ikapasuka. Leland alipoteza jicho la kulia na vidole vitatu. Alishuka mlima akizunguka huku na huku, mara akajikuta amerudi pale pale penye damu yake mwenyewe. Wade, mwanawe, alikuwa na miaka tisa. Ng'ombe waliuzwa majira ya kuchipua. Leland hakumlaumu mtu mbele ya mtu, ila hakukanyaga tena mlango wa karakana, na kama Mzee Orville alikuwa kwenye foleni ya dukani, yeye aliacha vitu vyake na kuondoka. Ilikuwa hivyo miaka kumi na tisa. Mzee alitaka jambo moja tu kabla ya kustaafu, mtu yule aingie mlango ule. Hakuwahi kuliomba.

Badala yake aliweka swali kwenye fomu. Kwa mwindaji, kila kichwa alikipunguza unene kidogo, kisha alitengeneza risasi isiyo na baruti wala fataki ya kuiwasha, akaiingiza na kuitoa mara kumi. Ikiacha kichwa hata mara moja, kazi nzima inarudi kwenye sufuria. Wapiga shabaha walimnung'unikia kwamba anaharibu usahihi, na wengine walihamia kwa mafundi wengine. Tangu hapo hakuna aliyeumia kwa risasi iliyopita mezani pake.

Sasa Wade. Ndiye anayetuletea mitungi ya gesi ya kuyeyushia, na mimi ndiye niliyekuwa nikisaini risiti polepole kuliko inavyohitajika. Kila alipoingia, Mzee alikwenda chumba cha nyuma. Nilikasirika, nikidhani anamdharau kijana mwenye macho mazuri kuliko yote Montana. Kumbe ni sura. Wade ni Leland yule yule wa mwaka ule, kabla ya Novemba. Kwenye harusi yetu Mzee alikaa mstari wa mwisho na akaondoka kabla ya keki. Nilimwekea kipande kwenye karatasi, akakila Jumatatu huko nje anakonywea kahawa.

Hastaafu kwa hiari. Madini aliyoyeyusha miaka yote yameingia kwenye damu yake. Mikono inatetemeka, majina yanampotea, na daktari alimwambia wazi kwamba mwaka mmoja zaidi hapa hataumaliza akiwa na akili zake. Ilibidi niyaandike hayo. Bi. Ardis ameweka feni mpya za kuvuta moshi. Zimechelewa.

Zawadi ya harusi aliyotupa baba mkwe ilikuwa bunduki. Babu yake aliacha mbili pacha, na hii ya pili ilikuwa imefungiwa kabatini tangu ajali. Wade alitaka kuwinda nayo msimu huu kama babu zake, kwa risasi za kumimina. Koo la bunduki hiyo limelika na miaka, risasi za dukani zinaelea ndani yake. Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Leland Kucera alifungua mlango wa karakana akiwa ameibeba yeye mwenyewe. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine bila mtu kuamriwa.

Aliiweka mezani. Mzee Orville aliitazama, akavuta fomu, akamuuliza kama anavyomuuliza mteja yeyote.

"Utaitoa risasi bila kuipiga?"

"Mwaka ule hukuniuliza."

"Sikukuuliza, Leland. Nilikusikia, nikanyamaza."

Leland alivuta kiti. Akasema itatolewa, tena mara nyingi, maana mwanawe ni mpole kama mama yake na hupenda zaidi kutazama kulungu kuliko kuwapiga.

Mzee alifanya kazi mpaka alasiri. Salfa, maikromita, kalibu, pete. Mikono ilimtetemeka kiasi kwamba hakuweza kuingiza risasi ya majaribio, basi Leland akaichukua, akaingiza na kutoa kwa mkono wa kushoto, akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Ya sita, ganda lilitoka peke yake.

Mzee alikuwa amekosea kusoma kipimo. Alikaa ameangalia meza, na mimi nilifikiri sasa mtu yule atasimama na kuondoka, na itakuwa imekwisha.

Leland alichukua kijiti, akakisukuma kichwa kikatoka, akakiweka kwenye kiganja cha Mzee.

"Pima tena," akasema. "Nina siku nzima."

Akapima tena. Safari hii nilisoma kipimo mimi, na Leland akakisoma baada yangu kwa jicho moja. Mara kumi iliingia, mara kumi ikatoka nzima. Leland akaongeza kumi nyingine zake. Hawakupeana mikono. Akiwa mlangoni aligeuka. "Ungeniuliza mwaka ule, ningekudanganya," akasema. "Nilikuwa najiona sana." Akaondoka. Mzee alifungua droo ya Kucera na kuweka koo jipya la salfa kando ya lile la zamani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho, nambari 4,117.

Msimu unafunguliwa tarehe 26. Mume wangu atapanda mlima na risasi ishirini mfukoni, na mimi nitamuuliza swali lile lile mlangoni kabla sijambusu. Kuanzia Jumatatu nitawauliza wateja wote. Atakayeliita la kijinga nitamrudishia fomu.

Asante, Mzee Orville, kwa kila risasi iliyotoka nzima. Mikono yako na itulie, majina yakurudie, na kahawa yako sasa uinywe ndani, penye joto. Na Ijumaa hii usiondoke kabla ya keki. Baba mkwe anakuja, na ameuliza utakaa kiti kipi.

Janelle Kucera (hadi wiki saba zilizopita, Rostad)
Mezani pa oda