Jicho Langu na Ngazi Tano

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkaguzi wetu wa malalamiko ya wafungwa. Mkuu wa Gereza la Nyamigere, Afande Leodgar. Sheikh na Padre, mliogawana sofa moja bila ugomvi. Ndugu wageni waalikwa kutoka Gungu, Bangwe, Ujiji na kwingineko. Nanyi wanangu mliochuchumaa kule nyuma, ambao hamkupewa kadi ya mwaliko na bado mmewahi kufika kuliko sisi sote: nawasalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Mimi ni Polycarp Ntakije. Nina miaka themanini na moja. Wote niliovua nao dagaa pale Katonga nimewazika. Nimewazika wake wawili, Mungu awarehemu, mitumbwi mitano imeoza mimi naiangalia, wakuu watatu wa gereza hili wamestaafu na kufa mimi nipo, na jicho langu la kushoto nalo limekufa mimi nipo. Kwa hiyo anayesubiri nichoke ili aketi mapema, ajue ametanguliwa na wengi.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wanufaika wa zahanati hii mpya. Binti Joanitha wa ustawi wa jamii amenichapia kurasa mbili nzuri, nimeambiwa ni nzuri, kwa sababu herufi zake ni ndogo na jicho la kuzisomea ndilo hilo nililolitaja. Nimeziweka mfukoni kwa heshima. Hizi ninazosoma nimeziandika mwenyewe, kwa penseli, siku kumi na moja, na hakuna profesa aliyenishika mkono.

Kabla ya shukrani niseme nililolijia, kipaza sauti kisije kikanyamazishwa. Kwaya ya wafungwa imeimba vizuri, nimeipigia makofi. Lakini sauti nzito ya nyuma haikuwepo. Hiyo ni sauti ya Yona, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ana ngiri. Imeshuka, hawezi kusimama. Amelala bweni namba mbili, hatua sitini kutoka kwenye utepe huu mwekundu. Nimezihesabu mimi zamani, nikiwa na macho mawili. Nimemjia Yona. Mengine yote ni njia ya kumfikia, na njia ya mzee ina kona.

Niliingia humu nikiwa na miaka sabini na nne. Nilimpiga mtu kafi la mtumbwi. Sitaki kuonewa huruma, nilimpiga kweli, na nilimpiga vizuri. Alikuwa amekata wavu wangu. Hakimu alinipa miaka mitatu, nikamwambia asante, maana nilitegemea mitano.

Ndugu zangu, gereza hili lina adabu. Kila asubuhi tulichuchumaa safu kwa safu, tukahesabiwa, kisha afande wa zamu akauliza kwa sauti, "Kuna mwenye shida?" Nasi wote, kwa pamoja, kama watoto wa shule, "Hakuna, afande!" Mlimani kwetu mtu anaweza kuwa amelala kwenye mkeka anakata roho, mgeni akiingia akisema "Amahoro?" atajibiwa "Amahoro," yaani ni amani tupu, ndipo baadaye aambiwe kwamba huyu anakufa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nani humu ndani akiulizwa habari za asubuhi hujibu mbaya?

Mwezi wangu wa pili humu jicho likaanza kuwasha. Mwezi wa tatu likavimba. Asubuhi moja Yona, aliyekuwa akichuchumaa kando yangu, akaninong'oneza.

"Mzee Polycarp, jicho limekuwa kama andazi, na umejibu hakuna?"

"Sasa ulitaka nimjibu nini mtoto wa watu asubuhi yote hii?"

"Umwambie lina usaha!"

"Hata chai hajanywa? Wewe mwalimu, umelelewa wapi?"

Akacheka mpaka akaongezewa zamu ya kuchota maji. Lakini alikuwa anajua kitu ambacho mimi sikukijua. Alinipeleka ukutani akanisomea bango lililoandikwa NGAZI TANO ZA MALALAMIKO. Mfungwa mwenye shida ya matibabu anaanza kwa nyapara wa bweni. Nyapara akishindwa, askari wa zamu. Askari akishindwa, Mkuu wa Gereza. Mkuu akishindwa, ofisi ya mkoa. Na mkoa ukishindwa, Mkaguzi, ambaye lazima aipokee barua kwa mkono wake, ndani ya gereza, na kuweka sahihi kwamba amepokea. Kila ngazi iwe kwa maandishi, kila ngazi isubiriwe siku ishirini na moja. Ukimaliza zote ndipo unaruhusiwa kwenda kwa jaji.

Nikamwambia, mwanangu, mimi najua kuandika jina langu na bei ya samaki wetu migebuka. Akanijibu, "Basi tutaanzia hapo." Yona ndiye aliyenifundisha. Jioni baada ya uji, kwa mkaa juu ya saruji, akiwa na subira ya punda. Niliingia gerezani sijui kitu, nikatoka najua kuandika "Kupitia kwa" na "Rejea barua yangu ya tarehe", na sijui kama kuna mzee mwingine mwambao wote huu anayeweza kujivunia hivyo.

Nyapara alipokea barua akaitumia kuwashia sigara, nikaandika nyingine. Askari wa zamu alikuwa mstaarabu, akanielekeza kwenye sanduku la maoni. Lile sanduku, ndugu wageni, nimeliona limepakwa rangi upya kwa ajili yenu. Nilitia humo barua kumi na moja. Siku ufunguo ulipopatikana walizikuta zote, na mjusi aliyetagia juu yake. Sisemi kwamba hazikupokelewa. Mjusi alizipokea.

Hapa nimsifu Afande Leodgar, na namsifu mbele yake. Sijapata kuona mtu anayetunza daftari kama yeye. Aliniita ofisini, akaniangalia jicho kwa muda, akasema, "Mzee, mimi nakuamini. Lakini daftari bado halijakuamini." Hayo ni maneno ya mtu mkweli. Wengine wangenidanganya kwamba hata wao hawaniamini.

Mwezi wa tisa jicho likaona giza upande mmoja. Akaja wakili wa msaada wa kisheria, binti Selina, kichwa kigumu kama cha baba yake mvuvi, akanifungulia kesi. Nikaenda mahakamani kwa karandinga, nimefunga kitambaa cheupe usoni kama bwana harusi aliyechelewa. Wakili wa serikali hakubishana kuhusu jicho hata kidogo. Alisimama na daftari la asubuhi, akasoma: tarehe hii, wafungwa wote, hakuna shida. Tarehe hii, wafungwa wote, hakuna shida. Alisoma asubuhi mia mbili na kumi na nne. Jaji akavua miwani.

"Mzee, ni kweli kila asubuhi ulikuwa ukijibu hakuna?"

"Kweli, Mheshimiwa. Na kwa sauti kuliko wote."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana nilidhani nimesifiwa. Kumbe adabu yangu ndiyo iliyokuwa shahidi dhidi yangu! Jaji akaamua kwamba ngazi ya tano sijaikanyaga, Mkaguzi wa wakati ule hakuwa amefika Nyamigere mwaka mzima, kwa hiyo shauri langu limeletwa kabla ya wakati wake. Nikarudi zangu. Kwa sheria nilikuwa nimewahi mno, kwa jicho nilikuwa nimechelewa mno, na yote mawili yalikuwa siku moja.

Lakini mimi ni Ntakije. Nikaanza upya, ngazi ya kwanza. Nikamsubiri Mkaguzi yule mpaka akaja, nikampa barua akiwa anapanda gari, akatia sahihi juu ya boneti. Nikarudi kwa jaji nimekamilika, karatasi zote, mihuri yote, na jaji akanipa haki yangu, sitamsema vibaya. Aliamuru nipelekwe hospitali nikatibiwe, na gereza lijenge chumba cha tiba. Daktari akaniangalia kwa kurunzi, akazima kurunzi. "Mzee," akaniambia, "amri ni nzuri. Jicho ndilo halipo."

Ndiyo maana nasema chumba hiki ni changu. Wengine hujengewa sanamu. Mimi nimejengewa zahanati, yenye kitanda ambacho bado kina nailoni, mizani, na nesi mmoja hodari, Nesi Veneranda, na imejengwa kwa jicho moja tu. Mwenye jengo la bei rahisi kuliko hili aje anioneshe. Nilipoingia asubuhi nilisikia fahari mpaka kifua kikaniuma.

Halafu nikaona kile mlichotundika juu ya mlango, kwenye fremu ya kioo, kikubwa kuliko dirisha. Ngazi tano. Zile zile, zimechapwa upya kwa rangi.

Sasa mnielewe, ndugu zangu. Yona aliandikiwa na Nesi Veneranda rufaa ya kwenda kupasuliwa hospitali kubwa wiki ya Pasaka. Leo mahindi yamevunwa. Rufaa ilitaka gari na askari wa kumsindikiza; mara gari lipo askari hayupo, mara askari yupo gari limekwenda kufuata rangi ya jengo hili. Yona akalalamika, na kwa kuwa ni mwalimu alilalamika kwa mwandiko mzuri. Nyapara ametia dole gumba. Askari wa zamu ametia sahihi. Afande Leodgar ametia muhuri, umenyooka kama kawaida yake. Mkoa umejibu kwamba umeona. Mkaguzi hakuwa amekanyaga hapa tangu Februari. Mama yake Yona, Melania wa Bangwe, yule mwenye kitenge cha bluu safu ya mwisho, kila Jumapili anakuja na kikapu, na Jumapili hii iliyopita Nesi alimwambia ukweli bila kumzungusha: mama, ngiri ikijisokota, hatuhesabu siku, tunahesabu saa.

Mama Melania akapanda Gungu kwangu. Hakulia. Aliweka nakala ya barua mezani akasema, "Mzee, wewe ndiye uliyefika juu. Ngazi ya mwisho ikoje?"

Nikamwambia, mama, ngazi ya mwisho ni mtu. Na huyo mtu ameandikwa kwenye kadi yangu ya mwaliko, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma: Mgeni Rasmi.

Mheshimiwa, sikulaumu. Februari mpaka leo una magereza mengi, na barabara zetu tunazijua. Tena nakushukuru kwa kuja, maana bango linataka upokee kwa mkono wako, ndani ya gereza, na leo upo ndani ya gereza na mikono yako yote miwili naiona. Barua hii hapa, na ina sehemu moja tu iliyobaki wazi. Mkasi wa kukatia utepe umo kwenye sinia. Karibu nao kuna kalamu ya kitabu cha wageni. Naomba uanze na kalamu. Utepe hauna ngiri, utasubiri.

Najua utaniambia kuna utaratibu, barua isubiri siku ishirini na moja mezani kwako. Mimi ndiye mwanafunzi mzee kuliko wote wa utaratibu huo, Mheshimiwa, na nimeusoma mpaka chini kabisa, pale ambapo watu huacha kusoma. Umeandikwa: Mkaguzi akiridhika papo hapo, anaweza kuamuru papo hapo. Yona ndiye aliyenifundisha kusoma mstari huo. Mimi ulinikuta sina jicho. Yeye umkute angali na tumbo. Gari lililokuleta linaona barabara, na kiti cha nyuma hakina mtu.

Nanyi wanangu mliochuchumaa. Mheshimiwa akisimama baada yangu, najua atawauliza lile swali la asubuhi, ni desturi. Mimi nililijibu mara mia mbili na kumi na nne kwa sauti kuliko wote, na mnaniona. Leo msiwe na adabu kama yangu.

Kama kuna atakayesema kesho kwamba barua hii haikufika mkononi kwa Mkaguzi, aulizwe Nesi Veneranda, aliyeandika rufaa. Aulizwe binti Selina, aliyeketi safu ya pili na saa yake mkononi. Inasema saa tano na dakika ishirini. Aulizwe Sheikh, aulizwe Padre, maana wote wawili wameacha kunong'onezana. Aulizwe Mama Melania, ambaye amesimama tangu nilipotaja jina la mwanawe. Na aulizwe Afande Leodgar, kwa sababu tangu nianze kuzungumza namwona anaandika, na anachokiandika daftarini kwake hakijawahi kukanushwa na mahakama yoyote.

Asanteni kwa kumvumilia mzee. Sirudi kitini, Mheshimiwa. Nimesimama hapa na barua, nakungoja.