Kikapu Kilichoachwa Wazi

Kabla hakujapambazuka mfuniko wa chungu cha wali ulikuwa ukigongagonga jikoni kwangu. Nikafungasha wali wangu, nikapanda basi la kwenda mjini Pakse, kusini mwa Laos. Mbele yangu jirani yangu Bouavanh alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua. “Mkwe wangu Mfaransa kala wali wa kunata kwa uma badala ya vidole, halafu kaacha kikapu cha wali wazi. Kikiachwa wazi ndoa huvunjika! Binti yangu je?”

“Kwao hakuna vikapu, mama. Mbona nao wanaachana?”

“Usinitanie, mzee!”

“Na uma alipewa na nani?”

“Mimi. Wali ulikuwa unamuunguza vidole, masikini.”

“Ulimwambia afunike?”

“Nilifunika mwenyewe, asione haya.”

Mzee alitikisa kichwa. “Sasa atajuaje?” Basi likasimama. Bouavanh alishuka simu ikiwa sikioni. “Mkwe, njooni tena Jumapili. Kuna jambo dogo la kikapu nitakuonyesha.”