Mhoja Ndalahwa, Fundi wa Boila

Ndugu waombolezaji, Mhoja Ndalahwa tunayemsitiri leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 kijijini Nkoma, wilaya ya Bariadi, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndalahwa na Mama Nyanjige, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, akajifunza ufundi wa mitambo Mwanza, na mwaka 1973 akaajiriwa kiwanda cha mafuta ya pamba hapa Bariadi, kwenye boila, ule mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, asihame tena.

Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na Lukresia, huyu mnayemwona ameinama, wakajaliwa Violeth, Danford na Esteria, kitinda mimba aliyedekezwa na babake mpaka wenzake wakanuna.

Kila mwaka kabla ya msimu boila ilioshwa kwa asidi ili kutoa ukoko wa chokaa, na kwa kuwa asidi ikimaliza ukoko hugeukia chuma, ilichanganywa na dawa ya kukilinda. Soko huria lilipoingia na dawa ile ikaacha kuletwa, Mhoja alichemsha magome ya mgunga, yale ya kutengenezea ngozi za ng'ombe, akatumbukiza msumari mmoja kwenye asidi tupu na mwingine kwenye asidi yenye maji ya magome, wa kwanza ukaliwa ukabaki kama sindano, wa pili ukatoka mzima, naye akashinda anacheka peke yake, na tangu hapo boila ikaoshwa kwa maji yale ya magome.

Mwaka huu Mama Nyanjige alifariki tarehe 10 Juni, na katika ukoo wetu mfiwa hashiki shoka mpaka matanga yaondolewe, basi Mhoja, asiyetaka kumvunjia mamake heshima, hakukata magome mapya, akatumia maji yaliyobaki kwenye pipa tangu mwaka jana, asijue yamechacha na kuishiwa nguvu, asidi ikala mabomba kimyakimya, na boila ilipowashwa tarehe 1 Julai bomba likapasuka, mvuke ukamuunguza yeye na msaidizi wake, Salu.

Salu alikimbizwa Mwanza kwa lori la pamba, Mhoja akalazwa hapa, na kila alipopata fahamu alimuulizia Salu, akisema kosa ni lake, akiomba msamaha, nasi tulikuwa bado hatujapata habari zake maana lori lilikuwa limeharibika njiani likirudi; alikata roho alfajiri ya tarehe 4 Julai 1996, akiamini amemuua mwenzake, na hilo linatuchoma kuliko kifo chenyewe. Lori liliingia na habari za Salu mchana wa siku hiyohiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea kuni na maji bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi hili kwa mikono yao.

Mhoja, Salu ni mzima, anakunywa uji, ametuma salamu, anasema hana kinyongo nawe hata kidogo. Basi lala, mwana wa Nyanjige, upumzike kwa amani.