Hazzaa, Mjukuu wa Nyumba ya Mabinti Watupu

Ndugu wafiwa, majirani, na wewe mukhtari wetu, mkuu wa kijiji, uliyeketi hapa mbele, familia imenituma mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya mpendwa wetu Hazzaa Shahin Mutib, na mkisikia sauti yangu inatetemeka mnisamehe, jina hili halijawahi kusomwa lote hadharani mbele ya mtu wa serikali.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 katika kijiji chetu cha Ain Zibda, Wadi Khaled, akiwa mtoto pekee wa Shahin na Jawza, na kuzaliwa kwake hakukuandikwa popote, kwa kuwa baba yake naye hakuwa na karatasi, na kwetu asiyeonyesha kwamba baba au babu yake alihesabiwa katika sensa ya mwaka 1932 si raia wa Lebanoni, wala wa nchi nyingine yoyote.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1963, akaiacha mwaka 1968 walipoanza kudai vitambulisho, akajifunza kazi ya kujenga kuta za mawe, na karibu kuta zote za mashamba mlizoziona mlipopita ni mkono wake, maana hakufanya kazi ng'ambo ya kizuizi cha wanajeshi hata siku moja. Alikuwa mwoga, tuseme ukweli, na hakuona haya kusema hivyo. Mwaka 1994, watu wengi wa bonde hili walipojiandikisha wakapewa uraia, yeye alijifungia ndani na wanawe, akisema, "Leo wanaandika majina, kesho watakuja na lori."

Alifunga ndoa na dada yangu Khazna tarehe 3 Septemba 1982, shekhe akiwa shahidi na serikali ikiwa haina habari, wakajaliwa watoto wawili, Nasr na Fidda, na ni Fidda aliyemtoa baba yake mafichoni, kwa sababu mwezi Juni 2006, baada ya kuongoza darasa miaka yote, alizuiliwa mlangoni pa chumba cha mtihani wa taifa, akarudi nyumbani, hakulia, akamwambia baba yake, "Baba, mimi ni nani? Nionyeshe mahali palipoandikwa."

Tangu siku hiyo marehemu alianza kumtafuta babu yake katika sensa, akisafiri hadi mjini Halba, kwenye ofisi za serikali, chini ya magunia ya viazi ili asionekane kizuizini, na mbele ya kila mlango wa ofisi alisimama kwanza hadi moyo utulie, mpaka mwezi Oktoba 2011 karani mmoja alipomfungulia ukurasa wa Ain Zibda, naye akaona, Mutib, mkewe Nofa, na mabinti wawili, Zahra na Wadha. Karani akacheka, "Ami, babu yako alizaa mabinti watupu. Wewe umetoka wapi?"

Alirudi kijijini, akaenda kwa shangazi yake Wadha, aliyekuwa wa mwisho kubaki hai katika nyumba ile, naye akafunga dirisha kwanza ndipo akamnong'oneza kwamba makarani wa sensa walipokuja, babu Mutib, ambaye kaka zake watatu walichukuliwa vitani na Waturuki wasirudi, aliamini kwamba kuhesabiwa ni kuitwa jeshini, akamvisha mwanawe Shahin gauni na kilemba cha kike, akasema huyu ni Zahra. "Baba yako alikasirika," shangazi akasema, "gauni lenyewe lilikuwa langu, na lilimpendeza kuliko mimi."

Marehemu akafungua kesi ili itambuliwe kwamba Zahra wa kwenye sensa ndiye Shahin, shangazi akiwa shahidi wake, nayo ilisikilizwa Halba tarehe 18 Novemba 2013, hakimu akamwuliza shangazi kwa upole kabisa Zahra alikuwa nani, naye akamtazama askari aliyesimama mlangoni, akajibu, "Dada yangu, bwana mkubwa. Nyumba yetu haikuwa na mwanamume ila baba." Akaulizwa, na Shahin? "Simjui." Kesi ikatupwa. Njiani marehemu hakumlaumu, alimshika mkono tu akamwambia, "Shangazi, vita vya Waturuki viliisha," naye akajibu, "Nani kakwambia? Wao?"

Mwezi Februari mwaka huu kifua kilianza kumbana, akaogopa hospitali kwa kuwa wangemwuliza karatasi, jirani yetu Barjas akajitolea kumpa kitambulisho chake, akakataa, akisema asije akafa yeye halafu Barjas ndiye azikwe kwenye vitabu. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Mei 2014, saa nne asubuhi, na maneno yake ya mwisho yalikuwa kumwuliza Fidda kama mlango umefungwa.

Tunamshukuru daktari aliyekuja kumtibu nyumbani bila kuuliza jina, tunamshukuru Barjas na majirani wote, na mafundi wenzake waliolijenga kaburi kwa mawe aliyokuwa ameyachonga mwenyewe. Na tunamshukuru shangazi Wadha, ambaye jana, jeneza lilipofikishwa kizuizini, njiani kwenda makaburini, na askari kuuliza ni la nani, alitoka katikati ya wanawake, akashika ubao wa jeneza na kupaza sauti, "Huyu ni mtoto wa Shahin, na Shahin ni kaka yangu, mwanamume! Andika!" Askari aliandika, kwenye kiganja chake, hakuwa na karatasi.

Wakili anatuambia maneno hayo hayana nguvu mpaka yasemwe tena mahakamani, tumepewa tarehe 16 Juni, shangazi ana miaka themanini na nane, amesema atakwenda, na sisi tunaogopa, hatulali, Fidda anahesabu pumzi za shangazi.

Pumzika, Hazzaa mwana wa Shahin. Hofu yako tumeipokea sisi.