Moyo wa Kasanda Uchomwe Mara ya Pili?

Pale mtaa wa Kasuku, karibu na stesheni ya Kindu, kuna benchi la mataruma mawili ya reli, na mwenye jambo la kuamua heri asikae juu yake, maana atasaidiwa. Asubuhi hiyo ya mwaka 1989 mwenye jambo alikuwa Kasanda, mashinisti, yaani dereva wa treni. Mwaka juzi masista wa misheni walimpeleka Ubelgiji, na daktari wa huko akapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, akachoma kidogo pale palipokuwa pakiuvuruga mwendo. Kasanda akarudi mzima, akapanda injini yake. Lakini tangu Pasaka moyo umeanza tena kukimbia ovyo, naye ameshushwa injini, amekalishwa depo kuandika namba za mabehewa. Sasa daktari ameandika: njoo nichome mara ya pili. Masista wanataka jibu leo, wakalitume kwa redio ya misheni saa nne kamili. Saa tatu ilikuwa imeshapita.

— Usiende, alisema Kabeya, ambaye wote humwita Bulo kwa sababu alikaza bulo, zile parafujo kubwa za reli, miaka thelathini. Kazi ya kurudilia ni kazi ya muntu hajue kazi. Angejua, angemaliza mara ya kwanza.

— Weye njo unasema vile? Kasanda alicheka. Reli ya kwenda Kibombo, si ulikuwa unakaza bulo zake kila mwezi?

— Reli inapitwa na treni!

— Na moyo yangu inapitwa na damu, muchana na usiku, haina hata siku moja ya kupumuzika.

Benchi zima likacheka, hata Mama Zawadi mwenye birika la kahawa. Bulo akanuna. Hapo Tshimanga, aitwaye Redio kwa kuwa habari zote huzijua kabla hazijatokea, akakohoa.

— Citoyens, wananchi wenzangu, munisikilize. Shida si kuchoma, shida ni hewa. Moyo yake ilichomwa ku baridi. Imefika huku ku joto ya Kindu, kidonda ikayeyuka. Achomewe hapa hapa, saa sita ya muchana. Itashika.

— Achomwe na nani? Bulo aliuliza.

— Na yule wa sudiri ku depo, mwenye kuunga vyuma na moto. Mukono yake haitetemeke.

— Ee Mungu wangu! alisema Mama Zawadi. Si muchukue na pasi yangu ya makala?

— Mama, nasema mambo ya siyansi! Sikia tena. Kasanda ametembeza treni miaka makumi mbili na mbili. Moyo ikajifunza saa za treni. Sasa treni ya Lubumbashi inafika siku tatu nyuma ya siku yake. Moyo itafanya nini? Iko inafwata treni!

Bulo hakukubali kuachwa nyuma.

— Hapana. Parti inasema kila Muzairwa ni lazima acheze animasyo, ngoma ya kusifu parti. Moyo yake ni militanti, iko inacheza. Muzungu akiizuia, itakuwa matata ya politiki.

— Punguza sauti, baba, Mama Zawadi alinong'ona, akiangalia kulia na kushoto.

Kasanda alicheka nao, lakini mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya koti lake la abakosti, juu ya kifua. Aliogopa. Hakuogopa waya wala moto. Aliogopa kulala tena kwenye kitanda kile, kuamka na tumaini, halafu kurudi depo na kalamu ile ile. Ukianguka mara moja, watu watakuonea huruma. Mara mbili aliona ni aibu.

— Tuhesabu, alisema Redio. Hiyo ugonjwa ilimukamata Pasaka, ndani ya kanisa. Ikamukamata ku soko. Ikamukamata siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa, na jembe mukononi...

— Mara tisa, Bulo akamalizia. Tulihesabu hapa hapa. Operesheni ilikosa, njo mwisho.

Kasanda alifumbua kinywa akubali.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa Kalima, Mauwa, aliyekuwa akingoja treni na vifurushi vyake.

— Munisamehe, wababa. Miye ni mugeni tu. Siku mbaya mumezihesabu. Siku nzuri zilikuwa ngapi?

Bulo akamtazama Redio.

— Sema basi. Weye njo unajuaka yote.

— Hiyo... hiyo hatukuhesabu.

Kasanda alijaribu kuzihesabu mwenyewe. Alikumbuka mabehewa kumi na nane nyuma yake, mvua ikipiga kioo. Alikumbuka harusi ya binti yake Joséphine, alivyocheza na mkewe mpaka ngoma zikanyamaza. Na asubuhi nyingi alizovaa viatu akatoka, bila hata kukumbuka kwamba ana moyo.

— Sijue, mama, alisema. Zilikuwa mingi. Sikukuwa na sababu ya kuzihesabu.

Hofu haikumwisha, lakini ile aibu ilimtoka. Akasimama, akafunga vifungo vya abakosti.

— Unaenda wapi? Bulo aliuliza.

— Ku misheni. Niwaambie watume jibu: daktari anitayarishie kitanda.

— Na kama ikarudia tena?

— Basi, na miye nitarudia.

Bulo akaimeza kahawa yote kwa mara moja, akamfuata mbio, akimweleza kila waliyepishana naye njiani kwamba yeye, tangu asubuhi, alikuwa akimwambia aende.