Ulimi wa Papa Kasonia

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Papa Kasonia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha sabuni hapa Butembo. Uongozi umeniomba mimi, Sikuli, mkuu wa zamu ya asubuhi, niandike maneno matamu ya kusomwa kwenye sherehe. Matamu yapo, nitaanza nayo.

Alikuja mwaka 1994 akiwa mhandisi kijana, akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuwafuata wateja huko waliko. Sisi tunapika sabuni kwa mawese na soude, ile dawa kali inayounguza ngozi. Wateja, wengi wao wamama wenye karakana ndogo, hununua mabonge, huyakata na kuyauza. Sabuni ikimharibikia mtu kule Alimbongo au Luofu, Papa Kasonia alipanda pikipiki. Alirudi na matope hadi kwenye nyusi na kabichi za zawadi zimefungwa nyuma. Walinzi walijua hali ya barabara kwa kumtazama tu.

Alipima kwa ulimi. Mashine ya kupimia ilikufa mwaka 2017, na kila alipoomba nyingine alijibiwa kwamba tutaona. Basi aligusa sabuni kwa kidole, kisha kidole kwenye ncha ya ulimi. Ikiuma, soude bado ni kali, sabuni haijaiva. Sikumwona akikosea hata mara moja. Mke wake, Mama Godelive, analalamika kwamba siku hizi mzee anatia chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, mara tatu na bado haisikii.

Nakala iliyopitishwa na uongozi inaishia hapo kwenye chumvi. Mimi ninaendelea.

Machi 2022 mvuke ulikatika sabuni ikiwa bado jikoni. Papa Kasonia alionja, akatema, akasema mbele yetu sote kwamba haijaiva, ingoje siku tatu. Malori yalikuwa yanasubiri mlangoni. Mkurugenzi akaamuru ipakiwe. Mabonge kadhaa yalifika Mususa kwa mteja wetu Mama Jokébed, naye akayakata kwa mikono mitupu, kama siku zote. Ngozi ya viganja vyake ilibambuka.

Aliyekwenda kumwomba radhi ni Papa Kasonia peke yake. Mama, mikono imefungwa vitambaa, hakumgombeza. Alimwambia tu: “Si weye ulinifundishaka kulamba sabuni? Ile siku sikulambaka, juu ya kuwa ilitoka kwako.” Papa aliponisimulia hayo alilia, mtu mzima, nami nikakosa pa kutazama.

Kisha ikaja barua ya uongozi: mhandisi hakupima. Kwenye mkutano aliulizwa karatasi ya kipimo iko wapi. Ulimi hauachi karatasi. Akaulizwa kama ana shahidi. Mimi nilikuwepo siku ile, nilisikia kila neno, lakini pale mkutanoni nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na woga mwingi. Tangu hapo alikatazwa kuonana na wateja. Miaka mitatu ya mwisho amebandika lebo kwenye depo, na huko nje watu wameamini kwamba ndiye aliyemuunguza yule mama.

Mashine mpya imefika wiki mbili zilizopita, bado imo ndani ya katoni yake. Tunampongeza mkurugenzi kwa kuwahi. Shukrani ya punda ni mateke. Sisi tumeongeza na boksi la sabuni, atakabidhiwa baada ya hotuba.

Mama Jokébed ameketi mstari wa mbele. Nimemwalika mimi. Asikie yeye, na wateja wote wasikie: karatasi iliyokosekana ni hii, nami ninaitia sahihi. Papa Kasonia alipima. Alisema haijaiva.

Asante, Papa, na unisamehe ukiweza. Nenda ukapumzike, na ladha ya chumvi ikurudie mdomoni.

Sikuli, shahidi.